Aliyelala Juu ya Duka la Spea

Wiki chache zilizopita stima ilipotea mtaani kwetu jioni, na nyumbani hatukuwa na hata mshumaa. Nikachukua kisahani, nikamimina mafuta ya nazi ninayowapaka wanangu nywele, nikasokota pamba ikawa utambi, nikawasha. Stima iliporudi nikapuliza. Moshi ukapanda mwembamba ukaniingia puani, nami nikabaki nimeinama palepale, siwezi kusogea. Mume wangu aliniuliza kama niko sawa, akauliza tena, na mimi namsikia kwa mbali. Nilikuwa nimerudi Kakamega. Nilikuwa na miaka minane, nimesimama chini ya ngazi ya simenti nyuma ya majengo ya zamani ya Wahindi, nimeshika kikapu cha mboga za mrenda, na juu yangu mtoto mchanga analia.

Wenzangu mliokulia Kakamega mnaijua barabara ile ya zamani, hata kama sasa nusu yake imezungushiwa mabati na nyumba za vioo zinachomoza. Mnayakumbuka maduka yenye baraza ndefu, nguzo zinazobambuka rangi, na njiwa waliojazana kwenye mabati yenye kutu hadi mtu akipita chini anafunika kichwa. Palikuwa na duka la spea za trekta na pikipiki, mlango wake mzito wa chuma, sakafu yake nyeusi kwa grisi. Ukilizunguka kwa nyuma, ukapita tangi la maji, unaikuta ngazi. Watu wa mjini walilijua hekalu la Wahindi lenye bendera na kengele. Hili la juu ya duka la spea halikuwa na kibao wala bendera, na sidhani watu wengi walijua lipo.

Mwenye funguo zake alikuwa mama mmoja mzee kutoka Siloni, kisiwa kilicho chini ya India. Kila mtu alimwita Mhindi, naye alikwishachoka kuwasahihisha. Jina lake Kusuma. Mume wake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari upande wa Kabras. Wakati huo walikuwapo mafundi wengine wa kwao, na wote pamoja walikodi ghorofa ile wakaifanya mahali pa kusalia, kwa njia ya Budha. Kandarasi zilipoisha mafundi walirudi kwao mmoja mmoja. Mume wake akafa. Mama Kusuma akabaki na chumba, taa za mafuta, na yule aliyelala.

Mama yangu alikuwa akimuuzia mboga. Tulikaa Shinyalu, karibu na msitu, na mama alikuwa anatoka asubuhi na kikapu cha mrenda na kunde, anapanda pikipiki hadi mjini, anapita nyumba kwa nyumba kwa wateja wake. Ndivyo walivyojuana. Kwa muda mrefu Mama Kusuma hakuwa kitu kwetu ila mteja mmoja anayependa majani machanga.

Halafu mdogo wetu akazaliwa, wakati wa mvua kubwa.

Alikuwa mvulana. Hakuwa na jina bado, maana kwetu jina lilimngoja Kukhu, mama yake baba. Kukhu alikuwa anasubiri aote ndoto, ajue ni nani kati ya waliotangulia anayetaka kurudi kwetu. Kila asubuhi baba alimuuliza, "Mama, umeota?" na Kukhu akajibu, "Bado. Mvua inawazuia." Tukamwita Mtoto tu. Mimi na Khavere, mdogo wangu aliyekuwa anaanza kutamka maneno vizuri, tulifundishwa kunyata mlangoni na kuweka kidole mdomoni akiwa amelala.

Asubuhi moja nilikunywa chai nikaenda shule. Mtoto alikuwa amelala kitandani. Nilirudi adhuhuri nikakuta mama ameketi ukutani, miguu ameinyoosha, na majirani wawili watatu wanaondoka bila kusema mengi. Kitandani hapakuwa na mtu.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Ameenda," akasema Kukhu.

"Ameenda wapi?"

"Ameenda tu, Imali. Kapeleke maji kwa ndama."

Nikapeleka maji kwa ndama. Nilikuwa mtoto mtiifu na nililichukua neno lile kama nilivyopewa. Mtu akienda, amekwenda mahali. Sikuona maiti, sikuona jeneza, sikusikia kilio. Nilikuwa nimewahi kuona matanga kwa jirani, nikajua mtu akifa kunawekwa maturubai, watu wanalala nje, ng'ombe anachinjwa. Kwetu hakukuja hata mchungaji. Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa amekufa.

Nilimsikia Kukhu jioni hiyo akimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa, "Mtoto asiye na jina haliliwi. Ukimlilia unafunga tumbo. Nyamaza, Mama Imali. Utapata mwingine."

Mama alinyamaza. Alinyamaza sana hata nikaanza kumwogopa. Alikuwa akichambua mboga anasimama katikati, jani mkononi, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka shambani. Kifua cha gauni lake kililowa kila siku, akajifunga leso juu yake hata jua likiwa kali. Nilidhani ni jasho. Baba, aliyekuwa seremala pale sokoni Shinyalu, alianza kutoka mapema na kurudi akiwa amechoka kuongea. Upande ule wa kitanda hakuna aliyeukalia. Na Khavere, kila alipofika mlango wa chumba cha wazazi, aliendelea kunyata na kuweka kidole mdomoni. Hakuna mtu aliyemwambia aache. Nilikuwa nikimwona amesimama pale, kidole mdomoni, anachungulia kitanda kitupu, halafu ananigeukia na kutabasamu kana kwamba amemwona.

Ndipo nilipoanza kuisikia ile harufu. Mama alirudi kutoka mjini akiwa amechelewa kuliko zamani, na leso yake ilinukia moshi ambao haukuwa wa kuni wala wa mafuta ya taa. Ulikuwa mtamu, mzito kidogo, kama kitu cha kuliwa kilichoungua. Usiku nilipolala karibu naye niliusikia kwenye nywele zake.

Shule zilipofungwa, mama akanichukua nimsaidie kubeba. Tulipofika nyuma ya duka la spea akaniambia, "Ningoje hapa chini. Usipande."

Nikangoja. Njiwa walikuwa wanakwaruza mabati. Tangi lilikuwa linadondosha maji kwenye ukoga wa kijani. Nilisikia mlango wa juu ukifunguliwa, nikasikia sauti ya mama ikisalimia, halafu kimya kirefu. Kisha mtoto akaanza kulia.

Ilikuwa sauti nyembamba. Ilipanda, ikakatika kama iliyokosa pumzi, ikaanza tena chini kabisa. Hata leo naweza kuitoa, ingawa siitoi. Sikuwa na shaka hata kidogo. Kila mtoto mchanga ana kilio chake, na cha kwetu nilikuwa nimekisikia usiku baada ya usiku kupitia ukuta.

Mama aliposhuka, alikuwa amenawa uso na pembeni mwa nywele kulikuwa kumelowa.

"Mama, kuna mtoto huko juu?"

"Hakuna mtoto."

"Nimesikia akilia."

Akanitazama. "Ni njiwa," akasema, akachukua kikapu.

Mimi mtoto wa Shinyalu, jirani ya msitu, nilijua njiwa analiaje.

Mara ya pili mama alinikuta nimejiandaa. Aliniacha chini ya ngazi na kikapu, akavuka barabara kumpelekea mteja mwingine kunde kwanza, na alipopotea tu nikapanda. Ngazi ilikuwa na baridi. Kwenye kizingiti palikuwa na jozi moja ya kandambili, nikavua viatu vyangu nikaviweka kando, kwa sababu ilionekana ndivyo inavyotakiwa. Mlango haukuwa umefungwa.

Kilikuwa chumba kirefu kilichopakwa rangi ya samawati iliyopauka. Mwisho wake palikuwa na pazia jeupe lililovutwa nusu, na nyuma ya pazia mtu amelala.

Amelala ubavu, mkono wa kulia chini ya shavu, mwili wake wote wa manjano, hata miguu. Urefu wake ulikuwa kama wangu. Macho hayakuwa yamefumba wala hayakuwa wazi. Yalikuwa yamebaki katikati, yananitazama mimi na hayanitazami. Mbele yake taa ndogo za mafuta zilikuwa zinawaka mchana, na maua meupe yenye moyo wa njano yamepangwa kwenye sinia. Harufu ilikuwa ile ile ya nywele za mama. Nikajua nimeingia kwenye matanga. Hivi ndivyo walivyomlaza babu wa jirani kwenye sebule yao, taa kichwani, maua, watu wamevua viatu. Ila huyu hawakumzika.

Pembeni mwa sinia palikuwa na kibakuli cha maziwa na kisahani cha wali mweupe. Na karibu na kibakuli, imekunjwa vizuri, kofia ya sufu ya buluu. Mama aliifuma mwenyewe kabla Mtoto hajazaliwa. Mimi ndiye niliyeshika uzi.

"Nani iko hapo?"

Nikageuka. Mama Kusuma alikuwa mlangoni pa chumba kidogo cha pembeni, amejitanda nguo nyeupe, nywele zake nyeupe amezifunga kisogoni. Alinitazama usoni kwa muda.

"Wewe mtoto ya Mama Imali," akasema. "Sura moja. Kuja. Hapana ogopa."

Nikamwonyesha kidole yule aliyelala. "Huyu amekufa?"

"Ndiyo. Amekufa."

"Mbona hamjamzika?"

Alitaka kucheka akaacha. "Zamani sana amekufa. Hii ni sanamu tu. Ya kukumbuka."

Sikumsikiliza. Macho yangu yalikuwa kwenye kofia. "Na mtoto wetu?"

Uso wake ukabadilika, ukawa laini. Sasa naelewa kwamba alidhani najua. Alidhani nyumbani tulikwishaambiwa.

"Mtoto yenu iko hapa," akasema, akaweka kiganja kifuani, nami nikadhani anaonyesha kile chumba kilichokuwa nyuma yake. "Mama yako nakuja, tunakaa na yeye. Tunakaa kimya."

"Amelala?"

"Ndiyo, mwanangu. Nalala vizuri sana sasa."

Nilishuka ngazi mbio, viatu mkononi. Nilikuwa nimeambiwa na mtu mzima. Mdogo wetu alikuwa anaishi juu ya duka la spea pamoja na mtu aliyekufa, analishwa maziwa na wali, na mama anakwenda kumtembelea. Jambo moja tu sikulielewa: kwa nini hatumrudishi nyumbani.

Nililibeba hilo siku kadhaa. Nilimwambia Khavere, naye akatikisa kichwa kama mtu ambaye habari hiyo si mpya kwake. Mwishowe nikauliza wakati wa chakula, sote tumezunguka obusuma, ugali wetu, na kunde, Kukhu akiwa kwenye kigoda chake.

"Mama, tutamchukua lini Mtoto kutoka kwa Mama Kusuma?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya sahani.

"Nani?" baba akauliza.

"Mtoto. Yuko mjini kwa yule Mhindi, juu ya duka la spea. Kuna mtu wa manjano aliyekufa. Nimemwona. Na kofia yake iko hapo. Na nimemsikia akilia."

Kukhu aliweka tonge chini. Alikuwa mwanamke mwembamba, na hasira ilimfanya aonekane mrefu. "Mama Imali. Ulipeleka nguo za mjukuu wangu kwenye sanamu?"

Mama akavuta leso juu ya kifua.

"Ndiyo maana silali! Ndiyo maana sioti! Umeenda kumfungia huko kwa miungu ya watu! Baba Imali, unasikia? Jumapili akina mama wa kanisa watakuja hapa, na huyu atasema mbele yao anaendanga kufanya nini huko."

Mama akainuka. Kwa muda wa miezi sikuwa nimesikia sauti yake ikizidi ile ya kuomba chumvi. Sasa ilitoka bila kupanda, na hilo ndilo lililotisha.

"Hapa mlininyima kulia," akasema. "Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamwogesha siku ya mwisho, halafu mkaniambia nisilie. Kule hakuna aliyenikataza. Waite hao akina mama. Hawatanikuta. Nitarudi kwetu Navakholo."

Akaingia chumbani, tukamsikia akivuta begi kutoka uvunguni.

Baba hakumfuata. Kesho yake alfajiri mama alikuwa hajaondoka bado, maana Khavere aliamka na homa, na baba akaniita niende naye sokoni kwenye karakana yake. Nikaketi kwenye mbao, yeye akaanza kupiga randa. Alipiga muda mrefu. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Ulisikia nini huko, Imali?"

"Mtoto akilia."

"Analia vipi?"

Nikamwonyesha. Nilifumba macho nikaitoa ile sauti kama nilivyoisikia, inapanda, inakatika, inaanza chini. Nilipofumbua macho randa ilikuwa imesimama katikati ya ubao. Baba alikuwa ameishikilia kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisiteleze. Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule, wala sikuuona tena.

"Basi," akasema. "Usiifanye tena."

Alifunga karakana asubuhi hiyo hiyo, wateja wakimwita. Nyumbani homa ya Khavere ilikuwa imeshuka, na mama alikuwa ameshafunga begi. Baba akasimama mlangoni.

"Mama Imali. Kabla hujaenda kwenu, nipeleke kule."

"Ukafanye nini? Ukavunje?"

"Nipeleke tu."

Khavere akabaki na Kukhu, sisi watatu tukaenda. Mvua ya alasiri ilitukuta mjini, ile ya kwetu isiyobisha hodi, tukafika nyuma ya duka tukiwa tumelowa. Baba alikuwa amevaa gambuti, viatu vyake vya mpira vya mvua. Kwenye kizingiti mama alivua viatu vyake, mimi vyangu, na baba akabaki anavitazama vile viatu na ule mlango. Nikadhani ataingia navyo. Kisha akaketi kwenye ngazi, mvua ikimnyeshea, akazivuta gambuti moja baada ya nyingine. Soksi zake zilikuwa na matobo.

Mama Kusuma alifungua, akamwona, akakunja mikono kifuani na kuinama kidogo. Alitupa taulo tujifute, akatuonyesha mkeka.

Nilimtafuta mdogo wangu. Nilichungulia kile chumba kidogo cha pembeni: jiko la mafuta, kitanda chembamba, sufuria. Hapakuwa na mtu. Nikarudi kukaa magotini pa mama, na kitu ndani yangu kikaanza kushuka polepole, kama jiwe lililotupwa kisimani ambalo bado hujasikia limefika.

Baba alikuwa anamtazama yule aliyelala. Seremala hawezi kutazama kitu cha mbao bila kukipima. "Ni mti mmoja," akasema mwishowe, si kwa mtu yeyote. "Hajaungwa." Kisha akauliza, "Huyu analala?"

"Watu wengi wanafikiri yeye nalala," akasema Mama Kusuma. Akasogea, akachutama kwenye miguu ya sanamu. "Angalia vidole. Mtu nalala, miguu mbili inakaa sawasawa, vidole pamoja. Huyu, mguu ya juu umerudi nyuma kidogo. Kidogo tu. Kwetu, aliyechonga akitaka kusema huyu hapana lala, huyu amekwenda, nafanya hivyo."

Tukatazama. Ilikuwa kweli. Unyayo wa juu ulikuwa umerudi nyuma kwa upana wa ukucha. Uso ulikuwa ule ule wa mtu aliyepumzika. Tofauti yote ilikuwa pale chini, kwenye vidole, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nawaambia kweli, mpaka sasa wanangu wakilala usingizi mzito nainua blanketi na kuangalia miguu yao, na mume wangu anadhani naogopa mbu.

"Mimi sikuangalia miguu," mama akasema.

Sote tukamgeukia. Alikuwa anaongea na sanamu.

"Asubuhi ile nilimgusa shavu, nikasema amelala. Nikamfunika. Nikawasha moto, nikapika chai. Nikafagia. Nikamfunga Imali vifungo vya sweta ya shule. Nilikuwa nafurahi kwamba hajaamka, nimepata nafasi. Na yeye ameshaenda. Nilipika chai na yeye ameshaenda." Akavuta pumzi. "Kila nikiwasha moto namwona. Kila siku."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Baba aliweka mikono juu ya magoti yake, mikono yenye makovu ya misumari, akaifungua na kuifunga.

"Mimi nilikunywa hiyo chai," akasema.

Mama akamtazama.

"Nilikaa kwenye kitanda, upande wake. Nikanywa kikombe, nikaomba kingine. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na wewe hapa. Nikakwambia, leo mtoto amelala vizuri. Unakumbuka? Mimi ndiye nilisema hivyo. Nikachukua msumeno wangu nikaenda kazini, na kabla ya saa nne mkaniita nije nimtengenezee sanduku." Akatazama viganja vyake. "Siwezi kukaa upande ule tena. Ndiyo maana naondokanga mapema. Si wewe ninayekukimbia."

Mama Kusuma alinyanyua utambi wa taa moja iliyokuwa inafifia. Akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia, "Jina yake nani?"

"Hana," mama akasema.

"Anaitwa Shitandi," akasema baba.

Lilikuwa jina la baba yake, mume wa Kukhu.

"Sikungoja ndoto," akaendelea. "Nilipokuwa napigilia lile sanduku nilimwita. Ningemwekaje ndani bila kumwita? Nilimwita Shitandi, Shitandi, mpaka nikamaliza. Sikumwambia mama. Sikukwambia wewe."

Hapo ndipo mama alipolia. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na sauti ikamtoka, nyembamba, ikapanda, ikakatika kama iliyokosa pumzi, ikaanza tena chini kabisa. Ilikuwa ile. Ilikuwa ndiyo ile ile niliyoisikia chini ya ngazi, niliyoiiga karakanani. Hakukuwa na mtoto mwingine pale juu. Alikuwa mama yangu, akilia kwa sauti ya mtoto aliyempoteza, kwa sababu ya kwake hakuruhusiwa kuitoa. Na wakati huohuo, akiwa bado analia na baba amemwekea mkono mgongoni, ndipo nilipoelewa kwamba "ameenda" haikuwa mahali.

Mama Kusuma alinivuta kwake. Alinilisha wali wa maziwa kwa vidole vyake, kidogo kidogo, kama anayelisha ndege.

Alikaa Kakamega miaka michache baada ya hapo, kisha mpwa wake akaja kumchukua kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha. Yule aliyelala aliwekwa kwenye sanduku la mbao lililotengenezwa na baba yangu, lenye majani makavu ya migomba ndani ili asigongwe njiani. Sijui alipelekwa wapi. Ghorofa ikawa stoo ya matairi, na juzi juzi nimeambiwa hata stoo haipo tena.

Lakini ninachotaka kumalizia ni jioni ile ile tuliyotoka kwake. Mvua ilikuwa imekatika tulipofika Shinyalu, na jua la mwisho liliyafanya majani ya mahindi kung'aa. Kukhu alikuwa uani na Khavere mgongoni. Alitutazama tukija, akaangalia macho ya mama yaliyovimba, akafungua mdomo aseme. Baba akamtangulia.

"Mama, yule mtoto ni Shitandi. Jina nimempa mimi."

Kukhu akalegeza fundo la leso. Alimshusha Khavere chini, akajifunga leso yake upya kiunoni, polepole, akaenda nyuma ya jikoni ambapo mimi sikujua kwamba kuna kitu. Nikamfuata kwa mbali. Palikuwa na ardhi iliyoinuka kidogo, ndogo mno, nyasi zimeanza kuishika. Alisimama hapo. Akaita, "Shitandi?" kama unavyomwita mtu ambaye huna hakika kama yuko ndani. Akaita tena. Halafu akaweka mikono kichwani, akaachilia kilio chenyewe, kile kikubwa cha matanga cha kwetu kinachovuka mabonde.

Majirani walikuja mbio. Walikuja na matope miguuni, mmoja ameshika jembe, mwingine mwiko wa ugali, wanaulizana njiani nani ameanguka. Mama Khasoa wa ng'ambo ya mto ndiye aliyefika kwanza, anahema.

"Ni nani? Kukhu, ni nani amekufa?"

"Mjukuu wangu. Shitandi."

"Shitandi yupi? Amekufa lini?"

Kukhu aligeuka akamtazama mama yangu aliyekuwa amesimama kwenye kona ya jikoni, baba nyuma yake.

"Leo," akasema.

Mama Khasoa hakuuliza tena. Alilaza jembe lake kwenye nyasi, akaenda moja kwa moja kwa mama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia pole. Nyuma yake wengine wakaanza kupanga mstari.